Ndizi ya bilioni 16: hizi kazi za kuchokoza watu ni sanaa kweli au tunachezewa akili?

MchoraMabango (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu asije kunipigia kelele za "fupisha mkuu".

Nimebishana na watu kwenye grupu moja la WhatsApp mpaka admini akafunga mjadala, kwa hiyo nauleta huku. Ugomvi wenyewe ni ile ndizi ya Maurizio Cattelan, yule Mtaliano. Kwa ambao hawaijui, ilioneshwa mara ya kwanza Miami Desemba 2019, ndizi moja mbivu ya kawaida kabisa imebandikwa ukutani kwa solotepu pana ya kijivu, basi, hakuna kingine. Ikauzwa dola 120,000, jamaa mmoja msanii akapita akaitoa ukutani akaila, watu tukacheka tukasahau. Novemba 2024 Sotheby's New York wakainadi, ikaenda dola milioni 6.2, kwa hela yetu ya Tanzania ya wakati ule ni shilingi bilioni 16 na ushee, mnunuzi ni Justin Sun, tajiri wa kripto, na siku chache baadaye akaitisha waandishi wa habari Hong Kong akaimenya akaila mbele yao huku anasifia utamu.

Grupu zima likaamua kwamba wazungu wamevurugwa na kwamba kitu chochote ambacho mtoto wa chekechea anaweza kukifanya sio sanaa. Mimi nikasema ni sanaa, ila sio sanaa nzuri, na hapo ndo moto ukawaka maana pande zote mbili waliniona msaliti.

Tuanze na walichouziana. Bilioni 16 haikununua ndizi jamani. Ilinunua cheti na maelekezo ya namna ya kuibandika, urefu gani kutoka chini, tepu ikae vipi, na ruhusa ya kusema hii ni kazi ya Cattelan. Ndizi unajinunulia mwenyewe gengeni ikioza unabadilisha. Ile ya siku ya mnada ilinunuliwa kwa muuza matunda wa mtaani hapo hapo New York kwa senti 35, mzee wa watu kutoka Bangladesh, na gazeti moja kubwa la kule lilipomfuata kumwambia imeuzwa bei gani mzee akalia. Mimi hiyo sehemu ndo inanifanya niwaze kuliko ndizi yenyewe.

Af hii michezo sio ya jana. 1917 hapo hapo New York kulikuwa na maonyesho ya chama cha wasanii huru, sharti lao ukilipa ada ya dola 6 kazi yako inaoneshwa, hakuna kuchujwa. Marcel Duchamp, Mfaransa, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye bodi ya hicho chama, akachukua sinki la kukojolea wanaume la dukani, akalilaza chali, akasaini jina la uongo R. Mutt, ikapelekwa na ada kamili. Wakubwa wakakaa kikao wakalikataa. Utamu uko hapo, maana hakumchokoza padri wala rais, aliwachokoza wale wale waliotangaza kwamba hawakatai kazi ya mtu, na wakanasa. Sinki lenyewe likapotea, tunachokijua ni picha aliyoipiga Alfred Stieglitz na nakala ambazo Duchamp aliziidhinisha miaka mingi baadaye. 2004 wakaulizwa wataalamu 500 Uingereza ni kazi gani ya kisasa imeathiri wengine kuliko zote, wakalitaja hilo sinki, mbele ya Picasso.

Halafu 1961 akaja Piero Manzoni, Mtaliano mwingine (hawa watu wana nini sijui). Huyu alitoa makopo 90, kila kopo gramu 30, lebo inasema ndani kuna kinyesi cha msanii, na bei akaiweka sawa na dhahabu, gramu kwa gramu. 2016 kopo moja limeuzwa Milan kwa euro 275,000. Ukilifungua kuhakikisha umeshaharibu mali yako, kwa hiyo watu wanatunza tu kopo.

Kipimo changu mimi kwenye haya mambo sio kama mtoto anaweza kufanya au hawezi. Mimi naangalia mshangao ukishaisha kinabaki nini. Sinki la Duchamp limebaki na swali lake, miaka zaidi ya 100 bado tunalijibu. Kopo la Manzoni limebaki na hesabu, anakwambia nyie mnanunua jina langu kwa uzito, basi pimeni. Ndizi ya Cattelan ukiitoa ile bei haina stori. Ni kichekesho kizuri, nilicheka kweli, ila Duchamp aliwachokoza wenye mlango na wakamfungia, Cattelan amewachokoza matajiri na matajiri wakapigana vikumbo kumlipa. Sasa huo uchokozi gani ambao anayechokozwa anakupigia makofi?

Nimalizie kwa kusema nina maslahi hapa. Mimi nachora mabango, saluni, bucha, maduka ya dawa, na zamani migongo ya daladala kabla stika hazijatumaliza. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mimi sio msanii, mimi fundi. Kwa hiyo mtu akija na kazi ya ajabu siwezi kuwa wa kwanza kusema hiyo sio sanaa. Nitasema mbaya, nitasema ya kivivu, nitasema ghali, lakini kumtoa nje ya chumba siwezi.

Karibuni, povu ruksa.

---

Kiroboto wa Kariakoo

Mkuu umeandika vizuri ila umetetea wizi kwa adabu.

Hiyo sio sanaa ni namna ya matajiri kuhamisha hela na kupata matangazo. Yule Sun kanunua matangazo ya bilioni 16, dunia nzima ikataja jina lake wiki nzima, tangazo la bei hiyo hata kampuni ya soda haipati. Ndizi alikula ya nini kama sio kamera? Mpeleke chumbani asipigwe picha uone kama ataila.

---

MchoraMabango

Kiroboto wa Kariakoo hapo kwenye matangazo sikupingi hata kidogo. Ila hela chafu au hela ya sifa haibadilishi kitu kuwa sio sanaa. Makanisa ya Ulaya yale yenye picha mpaka kwenye dari yalichorwa kwa hela za mabenki na mapapa waliokuwa wanatafuta sifa vile vile, na picha bado nzuri.

---

Mkaazi wa Mji Mkongwe

Assalaam aleikum. Mie naona mnazunguka tu. Suala la kuwa ni sanaa au si sanaa halina faida, suala ni kuwa jina la sanaa linamfanya mtu asiulizwe.

Chukueni ile ya Afrika Kusini ya mwaka 2012. Brett Murray alimchora Jacob Zuma, rais wa nchi wakati ule, kasimama pozi la Lenin wa Urusi na sehemu zake za siri nje, ikatundikwa Goodman Gallery Johannesburg. Chama chake kikenda mahakamani, watu wakaandamana, na mwezi wa Mei wakaingia watu wawili kila mmoja kivyake, mmoja katia alama nyekundu, mwengine kapakaza rangi nyeusi. Kamera zilikuwepo. Yule wa kwanza, Mzungu, alishikwa taratibu, yule kijana Mweusi akabwagwa chini. Basi picha ilikuwa yasema kuhusu rais, lakini kilichojitokeza mle ndani kilikuwa kingine kabisa.

Mie simpendi Zuma wala simjui. Lakini mtu mzima mwenye wake na watoto na wajukuu huwezi kumvua nguo ukutani halafu ukasema ni hoja. Hoja gani? Kama kaiba sema kaiba.

Na musije mukanambia watu wa pwani hatujui uchokozi. Khanga ni nini? Mtu avaa khanga yake kapita mlangoni kwa jirani, jirani kasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa, kajijua, na hakuna wa kumpeleka mahakamani maana kavaa nguo tu. Mpasho wa taarabu ni hivyo hivyo, anaeimbwa yumo ukumbini na ajua, na wenziwe wajua, na hapana jina lililotajwa. Siti binti Saad kaimba kesi ya Kijiti, mtu kaua na kakimbilia bara, na waliofungwa ni wanawake waliokuwa mashahidi. Aliwachokoza majaji wa Kiingereza waziwazi, wimbo mpaka leo waimbwa. Na hakumvua mtu nguo. Hapo ndo pana kazi, kuvua ni rahisi.

---

Kamjamaa wa Nai

Mama hapo kwa khanga umenimaliza, respekti.

Lakini acha nikupinge kidogo. Kuna wakati adabu imeisha na wale unaongea nao hawasikii fumbo. Hapa Nairobi May 2013 wabunge walikuwa ndio wameapishwa tu na jambo la kwanza wanataka ni mshahara uongezwe, karibu ifike shilingi 850,000 za Kenya kwa mwezi, wakati tume ya mishahara imewapangia kama 532,000. Kina Boniface Mwangi, yule mwanaharakati, wakaleta nguruwe mpaka lango la bunge, mama nguruwe na watoto, wakamwaga damu hapo chini na zile nguruwe zikaanza kulamba. Polisi wakaja na maji na rungu, wasee wakashikwa wakapelekwa korti.

Sasa niambie hiyo ni maandamano ama ni sanaa? Mimi nasema ni sanaa kuliko hiyo ndizi mara mia. Hakuna tiketi, hakuna cheti, hakuna mtu aliuza kitu, na walioifanya walishikwa. Na mwaka mmoja kabla walikuwa wamechora ukuta mzima hapo tao, mbunge amechorwa na kichwa cha tai mzoga amekalia kiti, kanjo, wale askari wa jiji, wakapaka rangi juu. Lakini neno MPigs, yaani MP na pigs (nguruwe), liko mdomoni mwa Wakenya hadi leo. Mwenye uzi aliuliza kinabaki nini mshangao ukiisha, hiyo ndiyo ilibaki.

Alafu kama mnataka kuona sanaa ya kisasa ya utapeli, musiende mbali, kumbukeni 2015 Venice. Banda la Kenya pale Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa Italia, list ikatoka karibu wote ni Wachina, na Mwitaliano mzee wa Malindi, na msanii mmoja mwenye damu ya Kenya anaishi Uswisi. 2013 ilikuwa karibu hivyo hivyo. Safari hii wasanii wa hapa wakapiga kelele mpaka serikali ikajitoa ikasema hilo banda si letu. Michael Soi, msanii wa hapa Nairobi, akachora michoro ya kuwacheka, ameichora hiyo aibu kabisa. Hapo mtu alichokozwa kwa bendera yake mwenyewe. So wale wa "sanaa ni universal" watulie kidogo, kuna watu wanatumia hiyo maneno kukunyang'anya kiti.

---

Kiroboto wa Kariakoo

Nguruwe wale walipata haki yao kweli? Mimi ningekuwa nguruwe ningeshtaki kufananishwa 😂😂

---

MchoraMabango

Mkaazi wa Mji Mkongwe, shikamoo kwanza maana maandishi yako ni ya mtu mzima. Nimekusoma mara mbili. Kwenye kuvua ni rahisi nakubaliana na wewe moja kwa moja, ile picha ya Zuma kama mchoro ni bango la zamani la Kirusi limeongezewa kitu kimoja, na hicho kimoja ndo kilichouza. Ila naogopa hiyo kanuni ya heshima ikishikwa na serikali. Huku kwetu katuni moja ya Gado kuhusu rais wetu wa wakati ule ikatoka kwenye The EastAfrican, na Januari 2015 gazeti likazuiwa nchini, sababu rasmi ikawa halijasajiliwa. Lilikuwa linauzwa miaka yote hiyo. Heshima ya mama jirani ni kitu kizuri, heshima ya ofisi inakuja na pingu.

Na heshima yenyewe inategemea umesimama wapi. Chris Ofili, Mwingereza, wazazi wake Wanigeria, alichora Bikira Maria Mweusi 1996, titi moja akaliwekea donge la mavi ya tembo, na picha yenyewe haitundikwi, inakaa chini juu ya madonge mengine mawili, na pembeni vipande vidogo vidogo vya picha za magazeti ya ngono. Ilipofika Brooklyn, New York, 1999 meya Rudy Giuliani akawaka, akataka kuwakatia makumbusho ruzuku ya jiji ambayo ni kama dola milioni 7 kwa mwaka, wakaenda mahakamani makumbusho wakashinda, af mzee mmoja akaja akaipaka rangi nyeupe. Kilichowachoma watu wengi pale ni mavi. Vile vipande vya picha chafu watu wengi hata hawakuviona. Sasa jiulize, ni lazima mavi ya tembo yawe tusi?

---

Mama Wawili wa Ifakara

Hayawi tusi. Mimi mdogo wangu akiwa na degedege bibi alimfukiza mavi ya tembo, na sokoni yanauzwa kwa wauza dawa za asili mpaka kesho. Siku hizi nampeleka mtoto hospitali kwanza na nyie mpelekeni hospitali, ila huyo meya angekuja kwetu angekuta watu wanayanunua. Nimepita tu.

---

MwalimuMzeeWaFasihi

Vijana naona mmekwenda Miami mkaenda Brooklyn, mmesahau vita iliyopiganwa humu humu kwenye Kiswahili, na walioipigana wengine nimewasikiliza kwa masikio yangu kwenye makongamano.

1954 Kaluta Amri Abedi alitoa sheria za kutunga mashairi. Vina, mizani, urari, bahari, shairi lenye mizani 16 kwa mstari nane nane, na asiye na vina na mizani huyo hajatunga. Ikakaa hivyo. 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, ndani mna mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabu, mistari mingine mirefu mingine neno moja. Ebrahim Hussein alishaanza kujaribu hayo kabla yake, na kina Mulokozi na Kahigi wakatetea. Aisee nchi ilichafuka. Wazee wa malenga waliona ni matusi, kwamba hawa wasomi wa Chuo Kikuu wameiga wazungu, kwamba wameshindwa kutafuta vina wakaja na visingizio, kwamba ni insha tu imekatwakatwa mistari. Mayoka 1984 akatoa kitabu kizima juu ya huo mgogoro. Kule gazetini nako watu wakajibizana kwa mashairi, tena yenye vina, ya kuwakataa wasio na vina.

Nyie mnaosema "hata mtoto anaweza", hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya wazee wetu dhidi ya Kezilahabi neno kwa neno. Na huyo huyo alishakuwa na kesi nyingine, riwaya yake ya Rosa Mistika ya 1971 ilizuiwa mashuleni kwa sababu ilisema wazi yanayowapata mabinti kwa walimu na wakubwa. Baadaye ikaruhusiwa. Leo mashairi huru yako kwenye mtihani wa sekondari, mtoto anaulizwa "jadili" na anapata C.

Ila niwe mkweli, na hili vijana wa mashairi huru hawapendi nikilisema. Wazee walikuwa na haki upande mmoja. Baada ya Kezilahabi lilikuja furiko la watu wanaokata mistari tu, hawana sikio, hawana picha, hawana lolote, na ukiwauliza wanakwambia ni shairi huru mwalimu. Kezilahabi alivunja sheria anazijua, alikuwa na Kiswahili cha kutosha na falsafa ya kutosha. Wengine wamevunja kitu ambacho hawajawahi kukijenga. Nadhani na huko kwa ndizi ni hivyo hivyo, Cattelan angalau anajua Duchamp alifanya nini, ngojeni wanaokuja na maparachichi.

---

Kamjamaa wa Nai

Mwalimu "maparachichi" imeniua 😂

---

Mpingo Mweusi

Mimi ni mchongaji, niko Mwenge. Nimesoma kimya ila hapo kwa mwalimu lazima nichangie, kwa sababu vinyago vyetu vina stori hiyo hiyo.

Watalii wanakuja wanasema wanataka kinyago cha asili cha Kimakonde, wanachukua shetani, kile cha jicho moja, mdomo upande, mguu umeota mgongoni. Sasa hicho sio cha mababu jamani. Cha zamani ni mapiko, yale ya kuvaa usoni, ya jandoni na vitu vya nyumbani. Shetani imeanza miaka ya 1950 hapa hapa Dar, na anayetajwa ni Samaki Likankoa. Wazee wanasimulia alikuwa anachonga mtu wa kawaida, mkono wa kinyago ukakatika, kazi imeharibika, akaondoka amekasirika, af akaona usingizini shetani wa porini, akarudi akaligeuza lile lililoharibika likawa shetani. Akampelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa na duka mjini, ambaye angeweza kusema hii imevunjika toa hapa, badala yake akamwambia leta nyingine. Ndo ikaanzia hapo. Na wachongaji wengine waliogopa, wengine wakacheka, kwamba huyu anachonga vitu vya kutisha watu.

Hata kile cha watu waliopandana, mnachokiita ujamaa, alianza Roberto Yakobo Sangwani miaka hiyo hiyo mwishoni, sisi tunakiita dimoongo, hilo la ujamaa likaja baada ya Azimio la Arusha wateja wakalipenda.

Kwa hiyo kitu cha ajabu cha 1950 leo ndo "asili yetu", na kijana wangu akichonga kitu kipya kabisa madalali wanamwambia hiyo haiuziki chonga shetani. Yaani shetani ambaye alikuwa mkorofi sasa amekuwa mzee wa mtaa anawakataza watoto. Na Tingatinga vile vile, Edward Saidi Tingatinga alianza na vipande vya siling'bodi na rangi za mafuta za kupaka nyumba 1968, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha, miaka minne tu ya kazi, na wasomi wa wakati huo wakasema hiyo ni picha ya watalii sio sanaa. Leo iko mpaka kwenye masanduku na mashati.

Kuhusu ndizi, mimi nina tatizo moja tu, hakuna mkono. Duchamp hakutengeneza sinki, huyu hakulima ndizi. Mimi gogo la mpingo linanimaliza mabega wiki tatu, tezo inateleza nakatika kidole, af naambiwa bei ghali. Mnisamehe siwezi kuipenda.

---

MchoraMabango

Mpingo Mweusi kaka nakuelewa kwenye mkono, na mimi pia ni wa mkono. Ila jiulize, ile siku mkono wa kinyago ulipokatika, kazi kubwa ya Samaki ilikuwa tezo au ilikuwa kuamua kwamba hiki kilichoharibika kimekamilika? Tezo alikuwa nayo kila mchongaji. Duchamp alichofanya ni ile sehemu ya kuamua tu, akaacha tezo. Sisemi inatosha. Kwangu mimi haitoshi, ndo maana nasema sinki ni sanaa ya maana ila siwezi kuliangalia zaidi ya dakika mbili, wakati shetani mzuri nalizunguka saa zima. Ila kuamua nako ni kazi.

---

Mutoto ya Lubumbashi

Bandugu bonjour. Miye niko nasoma tu, leo niseme kidogo. Huku kwetu Lubumbashi kulikuwa muntu moya, Tshibumba Kanda Matulu, alikuwa anachora ma tableau, ni kusema picha, ya kuuzisha ku ba-expatriés, bei kidogo tu. Ile miaka ya Mobutu, 1973, 1974, akachora historia ya inchi yote, karibu tableau mia moya. Lumumba amekufa, nyuma yake misalaba tatu, sawa vile Yesu. Bakristu banaweza kukasirika, na Mobutu pia. Profesa moya, Johannes Fabian, alimuuliza mambo yote mu Kiswahili ya huku kwetu, akafanya kitabu. Tshibumba alisema yeye ni historien. Hakukuwa galerie, hakukuwa cheti. Kisha kwanzia 1981 hakuna mwenye kujua alienda wapi. Sasa ile ndizi na ile Lumumba, njo vintu moya? Miye nakatala.

---

MchoraMabango

Ndugu wa Lubumbashi karibu sana, sio vitu sawa. Vyote viko ndani ya nyumba ila kuna wa kukaa sebuleni na kuna wa kukaa uani.

---

Ng'ombe wa Maskini

Mimi nauliza tu, kuna yule Mdenimaki aliyepewa hela na makumbusho, kesi yake iliishaje? Maana nataka kujua kabla sijachukua hela ya kamati ya harusi 😁

---

Kamjamaa wa Nai

Jens Haaning. Makumbusho ya Kunsten kule Aalborg walimkopesha zaidi ya kroner 530,000 mwaka 2021 abandike noti kwenye fremu kuonesha mishahara ya watu. Akawaletea fremu tupu, kazi ameipa jina la Kiingereza maana yake chukua hela ukimbie. Makumbusho wakaitundika hivyo hivyo, watu wakajaa kuangalia. Alafu wakamshtaki. 2023 korti ikamwambia arudishe karibu 492,000, akaachiwa tu ile ya malipo yake ya msanii.

So korti imekubali alifanya kazi ya sanaa na imekubali pia arudishe hela. Wewe kamati ya harusi haitakuwa na huruma hiyo.

---

Mkaazi wa Mji Mkongwe

Huyo wa Denimaki mie nimempenda. Kachokoza mwenye hela, kaulizwa, kajibu mahakamani. Sawa kabisa, ndo nilichokuwa nikisema tangu mwanzo, fanya utakalo halafu simama ujibu.

MchoraMabango marahaba, na hilo la pingu umesema kweli, sina jibu lake. Lakini picha ya Zuma bado siitaki.

---

Mama Wawili wa Ifakara

Nimerudi. Mpingo Mweusi, nataka hicho kinyago cha shetani kidogo cha kuweka sebuleni, mume wangu anasema nitaleta majini nyumbani, tutajuana. Swali langu nitajuaje ni mpingo na sio mti mwingine umepakwa kiwi?

---

Mpingo Mweusi

Dada, kwanza uzito, mpingo mdogo tu unaushangaa mkononi. Weka kwenye ndoo ya maji, mpingo unazama, miti mingi mingine inaelea. Pili geuza chini kwenye kitako, kwaruza kidogo na ncha ya kisu, kama ndani ni njano au kahawia ya maziwa ujue kiwi hiyo, ila usishtuke ukiona ukingo mweupe kama krimu pembeni, huo ni ganda la nje la mpingo wenyewe na wengine tunauacha makusudi. Tatu kitambaa cheupe kimelowa, sugua, kikitoka cheusi rudisha. Na akikukatalia kukwaruza kwenye kitako usinunue, hata akikwambia kimechongwa na babu yake.